Kazi ya fisi, meno ya mbwa: habari za wavunja mifupa wa Amerika

Mwaka 1892 mtaalamu wa visukuku wa Marekani, Edward Drinker Cope, alichapisha maelezo ya mnyama mla nyama ambaye taya lake lilipatikana Texas. Meno ya taya lile yalikuwa manene na mapana, meno ya mnyama aliyezoea kutafuna kitu kigumu. Cope akatangaza kwamba amepata fisi. Kwenye kichwa cha andiko lake aliandika fisi waziwazi, na mnyama mwenyewe akampa jina Borophagus diversidens.

Hakuwa fisi. Alikuwa mbwa, na wa mwisho katika ukoo uliodumu Amerika ya Kaskazini kwa miaka milioni 30 hivi kabla ya kutoweka bila kuacha hata mtoto mmoja. Lakini Cope hakukosea kizembe. Mtu anayemjua vizuri fisi madoa wa Serengeti akioneshwa leo fuvu la Borophagus, bila kuambiwa limetoka wapi, anaweza kuapa kwamba ni fisi: pua fupi, taya zito, paji la uso lililotuna, meno kama vichwa vya nyundo. Kinachohitaji kuelezwa ni jinsi mbwa alivyofikia sura hiyo, na kwa nini ndani ya ile sura ya fisi bado alibaki mbwa kwelikweli.

Kwanza tuweke ukoo sawa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanyama walao nyama wamegawanyika katika pande mbili kubwa. Upande mmoja wako paka, simba, ngawa, nguchiro na fisi. Upande wa pili wako mbwa, dubu, sili na vicheche. Kwa hiyo fisi, pamoja na umbo lake lote la kimbwa, ni ndugu wa karibu wa nguchiro kuliko wa mbwa. Pande hizo zilikwisha kuachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, nazo zilikulia mbali: fisi ni wa Ulaya, Asia na Afrika, ilhali familia ya mbwa ilizaliwa Amerika ya Kaskazini na ikakaa humo sehemu kubwa ya historia yake.

Familia hiyo ilipata matawi matatu. La kwanza, Hesperocyoninae, lilianza takriban miaka milioni 40 iliyopita na kiumbe mwembamba, mrefu wa kiwiliwili, aitwaye Hesperocyon. Ungekutana naye njiani ungedhani ni nguchiro. Tawi hilo lilikatika miaka milioni 15 iliyopita. La pili ndilo Borophaginae, tawi la mnyama wa Cope. La tatu ni Caninae, na humo ndimo walimo mbwa wote walio hai leo: mbweha, koyote (mbwa mwitu mdogo wa Amerika), mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, mbwa mwitu wetu wa Afrika mwenye mabaka, na mbwa koko anayelala chini ya meza ya mama ntilie. Mbwa huyo si mjukuu wa Borophagus hata kidogo. Ametokana na tawi la pembeni ambalo kwa zaidi ya miaka milioni 20 lilikuwa na wanyama wadogo wa umbo la mbweha, Leptocyon, waliokuwa wakiwinda panya na kuwapisha wakubwa. Mtu aliyeishi wakati ule akaulizwa ni tawi lipi litairithi dunia, asingelitaja hilo.

Jina la "wavunja mifupa", ambalo watafiti wamelibandika kwa tawi zima la pili, nalo linapotosha. Mwaka 1999 Xiaoming Wang, Richard Tedford na Beryl Taylor walichapisha uchambuzi mkubwa wa Borophaginae wote, wakahesabu spishi 66. Nyingi katika hizo zisingeweza kuvunja hata mfupa wa paja la mbuzi. Wa mwanzo, Archaeocyon, alikuwa mdogo kama mbweha mdogo. Otarocyon alikuwa na sikio la kati lililopanuka mfano wa mbweha wa jangwani. Phlaocyon na Cynarctus walielekea kwenye matunda, wadudu na chochote kilichopatikana, kama rakuni wa leo, na Cynarctoides akaenda mbali zaidi: magego yake yalipata matuta yanayofanana na ya wanyama walao majani. Kwa hiyo kwa miaka mingi tawi hili lilikuwa la wanyama wadogo wa kila namna, na kuvunja mifupa kulikuja nusu ya mwisho ya safari, tena katika ukoo mmoja tu wa ndani yake. Mimi ningependa jina lingine, ila hili limekwisha kukaa.

Ili kuelewa jinsi ukoo huo ulivyofikia mifupa, lazima tuangalie mazingira. Kati ya miaka milioni 25 na 18 iliyopita, Amerika ya Kaskazini ilikuwa bara lisilo na paka. Wanyama wa kale wenye umbo la paka walikuwa wamekwisha, na paka halisi walikuwa bado hawajavuka kutoka Asia. Nafasi za uwindaji zikawa wazi na mbwa wakazijaza. Kuna wakati bara lile lilikuwa na spishi zaidi ya 30 za mbwa kwa mpigo. Wakati huohuo misitu ilikuwa ikipungua na nyika kuenea. Kwenye nyika kulikuwa na farasi wenye vidole vitatu, vifaru wafupi walionenepa, na ngamia wa kila kimo. Ngamia, ambaye sisi tunamhesabu kuwa mnyama wa Arabuni na Somalia, asili yake ni huko.

Sasa inaingia hesabu ya tumbo. Mwaka 1999 Chris Carbone na wenzake walionesha kwamba mla nyama wa nchi kavu akizidi kilo 21 hivi, hawezi tena kuishi kwa kudokoa panya na wadudu. Nishati anayotumia ni kubwa kuliko anayopata. Analazimika kuangusha mnyama wa kimo chake au mkubwa zaidi. Mbwa anayerefuka na kunenepa kizazi baada ya kizazi hufika kwenye mpaka huo, na akiuvuka, meno yake huanza kubadilika. Meno ya kukatia nyama hurefuka na kuwa makali. Magego ya kusagia matunda husinyaa, kwa kuwa hayana kazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Aelurodon, aliyetokea takriban miaka milioni 16 iliyopita, mbwa mkubwa aliyetegemea nyama tupu. Ndivyo ilivyokuwa zaidi kwa Epicyon, aliyeishi kati ya miaka milioni 12 na 6 hivi iliyopita. Epicyon haydeni ndiye mbwa mkubwa kuliko wote waliowahi kujulikana duniani. Makadirio ya kawaida ni kilo 100 hadi 125, yaani uzito wa simba jike, na mfupa mmoja mkubwa wa mguu wa mbele umekadiriwa kutoka kwa mnyama wa kilo 170. Fisi madoa mkubwa wa leo huwa na kilo 80 hivi. Pembeni mwake aliishi mdogo wake, Epicyon saevus, na mara nyingi mabaki ya spishi hizo mbili hupatikana kwenye tabaka moja la udongo.

Halafu akaja Borophagus, na hapa kuna jambo ambalo simulizi nyingi huliruka. Hakuendelea kukua. Spishi zake nyingi zilikuwa na kimo cha koyote mkubwa au mbwa mwitu wa kijivu. Borophagus parvus wa California alikadiriwa kilo 24 tu. Epicyon jitu alitoweka, mwenzake wa wastani akabaki, na huyo wa wastani ndiye aliyeikamilisha sanaa ya kuvunja mifupa. Wanaosema kwamba mageuko ya viumbe ni ngazi ya kupanda kwenda kwenye ukubwa, Borophagus anawapinga.

Tuingie mdomoni sasa, maana utamu wote uko huku. Mpe mbwa wa nyumbani mfupa wenye nyama kidogo, umtazame. Akimaliza kuguguna ncha kwa meno ya mbele, huinamisha kichwa upande, anausukuma mfupa hadi kwenye pembe ya mdomo, nyuma kabisa, na hapo ndipo sauti ya kupasuka inaposikika. Taya linafanya kazi kama mkasi: kitu kigumu hukatwa karibu na skrubu, si kwenye ncha. Jino lililo karibu na bawaba ya taya lina nguvu nyingi, ila mdomo hauwezi kupanuka sana hapo. Jino lililo mbele linaweza kukamata mfupa mnene zaidi, lakini nguvu inapungua. Kila mvunja mifupa lazima achague mahali pa kusimama kati ya ncha hizo mbili, na urithi wa mababu ndio unaompangia.

Fisi alipangiwa hivi. Mababu zake walikwisha kupoteza karibu magego yote yaliyokuwa nyuma ya jino la kukatia nyama. Kwake jino la kukatia ndilo la mwisho taya la chini. Kwa hiyo vunja-mifupa yake imehamia mbele kidogo, kwenye magego madogo ya tatu, ambayo yamekuwa mapana na yenye umbo la koni. Matokeo yake ni mgawanyo mzuri wa kazi: nyundo mbele, kisu nyuma, na kisu hakiguswi na mfupa. Fisi mzee anaweza kuwa na nyundo zilizolika kabisa huku kisu chake bado kinakata ngozi ya nyati.

Mbwa hakuwahi kuyapoteza magego yake ya nyuma. Ana mawili juu na mawili chini baada ya meno ya kukatia, na Borophagus aliyarithi. Taya likafupika ili liwe na nguvu, lakini nyuma kulikuwa kumejaa. Kilichosinyaa ni meno madogo ya mbele, yakawa vijino vya kubanana visivyo na kazi kubwa. Mzigo wa kuvunja ukaangukia gego dogo la nne la taya la chini, lililovimba likawa pana na refu, pamoja na jino la kukatia lenyewe la juu linalokutana nalo. Yaani nyundo na kisu vikakaa mahali pamoja. Lars Werdelin, mtaalamu wa fisi wa kale kutoka Sweden, aliliandikia jambo hili mwaka 1989: mbwa hawa walifanya kazi ya fisi kwa vifaa vya mbwa, wakabanwa na vifaa hivyo. Kila mfupa uliopasuliwa ulikula makali ya jino lilelile lililotakiwa kukata nyama kesho yake.

Pamoja na kubanwa huko, mambo mengine yalifanana na ya fisi mno. Ukichukua kipande chembamba cha enameli ya jino la Borophagus ukakitazama kwa hadubini, utaona nyuzi za enameli zimepangwa zigizaga, mpangilio uleule ulio kwenye meno ya fisi. Ufa ukianza kwenye mpangilio wa namna hiyo hauwezi kukimbia moja kwa moja; unagonga kona kila hatua mpaka unakufa. Koo mbili zisizo na undugu wa karibu zilifikia ufumbuzi mmoja, kila moja kivyake.

Paji la uso nalo lina maelezo. Zhijie Jack Tseng na Wang walichukua picha za mionzi za mafuvu, wakayajenga upya kwenye kompyuta na kuyapa mzigo wa kung'ata. Katika fuvu la mbwa mwitu wa kijivu, mkazo hukusanyika eneo la uso, juu ya macho. Katika Epicyon na zaidi katika Borophagus, ule mtuno wa paji la uso huupokea mkazo kutoka kwenye jino na kuusambaza kwenda nyuma ya kichwa bila kuuacha ukusanyike mahali pamoja. Lile paji ambalo kwenye michoro humfanya aonekane kama mnyama mwenye kiburi lilikuwa kipande cha uhandisi.

Haya yote ni ushahidi wa vifaa. Mtu anaweza kumiliki nyundo asipige msumari. Ushahidi kwamba kweli walikuwa wakimeza mifupa ulipatikana kwenye mavi.

Karibu na Turlock Lake, katikati ya California, kuna tabaka la mchanga na kokoto lenye umri wa miaka milioni 5 hadi 6 na ushee. Humo vilipatikana vinyesi 14 vilivyogeuka mawe, na mwaka 2018 Wang na wenzake walichapisha uchunguzi wao. Mla nyama mkubwa wa kimo kinachofaa aliyekuwa wa kawaida mahali pale alikuwa Borophagus parvus, kwa hiyo mwenye mali alijulikana. Vinyesi vitatu viliingizwa kwenye mashine ya kuchunguza kwa mionzi, ili kuona ndani bila kuvivunja. Vimejaa vipande vya mifupa: kingo zake zimelainishwa na asidi ya tumboni, lakini mifupa bado ni mifupa. Kuna kipande cha ubavu wa mnyama mkubwa, kuna mfupa wa ndege. Watafiti wakakadiria kwamba mbwa huyu wa kilo 24 alikuwa akila wanyama wa kilo 35 hadi 100.

Aliyewahi kutembea porini atakumbuka mavi ya fisi yalivyo: meupe kama chokaa, na ukiyaponda yanakuwa unga. Tumbo la fisi madoa huuyeyusha mfupa karibu wote, uboho na protini vikabaki mwilini na madini yakatoka. Tumbo la Borophagus halikufika huko. Alivunja kama fisi lakini hakuyeyusha kama fisi madoa. Vipande vilipita vikiwa bado vinatambulika. Napenda matokeo haya kwa sababu yanaonesha mpaka wa kufanana: kwa utumbo watafiti walimfananisha na fisi milia na fisi kahawia, si fisi madoa.

Vinyesi vile pia havikutawanyika ovyo. Vilikuwa vimekusanyika eneo moja, jambo ambalo wanyama wengi wa leo hufanya kuweka mipaka ya himaya yao, fisi wakiwemo. Watafiti wakaona hiyo ni dalili kwamba mbwa hawa waliishi kwa makundi. Dalili, si hati ya kiapo. Lakini inakubaliana na kimo cha mawindo yao, kwani mnyama wa kilo 24 haangushi wa kilo 100 akiwa peke yake kila siku.

Je, walikuwa wawindaji au wala mizoga? Swali hili huulizwa kana kwamba mtu lazima achague upande, na kosa lake tunalijua sisi kuliko wengine. Kwa muda mrefu fisi madoa alihesabiwa kuwa mla makombo ya simba. Miaka ya 1960 Hans Kruuk alikaa usiku kwa usiku akiwafuata fisi wa Serengeti na Ngorongoro, akakuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanakiua wenyewe, na kwamba ndani ya kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayekuja asubuhi kunyang'anya. Meno ya kuvunja mifupa hayasemi nani aliyeua. Yanasema kwamba nyama ikishapatikana, mwenye meno hayo hataacha kitu. Na anayekula pamoja na wenzake kumi wenye njaa, huku maadui wananusa kutoka mbali, ana sababu nzuri ya kumaliza mzoga wote haraka, mifupa na yote. Kwa maoni yangu Borophagus alifanya yote mawili, kama fisi afanyavyo.

Kula mizoga tunakuona kwa macho kule Nebraska. Miaka milioni 12 hivi iliyopita volkano ililipuka eneo ambalo leo ni Idaho, na majivu yake yakasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwenye shimo moja la maji. Vifaru wa aina ya Teleoceras, farasi na ngamia walivuta majivu hayo kwa siku na wiki, mapafu yakaharibika, wakafia pale penye maji. Mwaka 1971 Michael Voorhies aliona fuvu la ndama wa kifaru likichomoza kwenye ukingo wa korongo. Leo mahali hapo panaitwa Ashfall na mifupa imeachwa ilipolala, kila kifaru na pozi lake la mwisho. Baadhi ya mifupa hiyo ina alama za kung'atwa na mbwa wakubwa wavunja mifupa, waliokuja kula baada ya msiba.

Kabla ya kufika kwenye kifo chao, nimtaje mtu mmoja, maana bila yeye tusingejua nusu ya haya. Childs Frick alikuwa mtoto wa tajiri wa chuma wa Pittsburgh. Akiwa kijana alikuja Afrika Mashariki kuwinda. Msafara wake wa 1911 hadi 1912 ulipita Ethiopia na Kenya, akapeleka ngozi za wanyama na ndege kwenye makumbusho za Marekani. Baadaye mapenzi yake yakahamia kwenye wanyama waliokufa zamani. Kwa miongo kadhaa aliwalipa mishahara watu wa kuchimba visukuku kote magharibi mwa Marekani, mwaka hadi mwaka, hata wakati wa mdororo wa uchumi. Alipofariki mwaka 1965 aliacha mlima wa mifupa uliokwenda kwa Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, New York. Kazi ya Wang, Tedford na Taylor imejengwa juu ya mlima huo. Spishi nyingi walizozipa majina zilikuwa zimelala kwenye makabati ya Frick, zimechimbwa na watu waliofariki bila kujua wamechimba nini.

Kwa nini basi walikwisha? Hapa majibu yamechanganyikana, na kila jibu lina sehemu yake ya kweli.

Jibu moja ni la ubobezi. Mwaka 2004 Blaire Van Valkenburgh, Wang na John Damuth walipima mbwa wa kale wa yale matawi mawili yaliyotoweka wakaona mchezo unaojirudia: ukoo unakua, unaingia kwenye nyama tupu, meno yanabobea, na spishi zilizobobea zinadumu muda mfupi kuliko zile za kula kila kitu. Sababu haina maajabu. Mla nyama mkubwa anahitaji eneo pana, idadi yake ni ndogo, na mawindo yakipungua hawezi kurudi kwenye matunda kwa sababu gego likishapotea halioti tena. Tawi la kwanza la mbwa lilikufa hivyo, na la pili likaingia kwenye njia hiyohiyo.

Jibu la pili ni la paka. Mwaka 2015 Daniele Silvestro na wenzake walichambua visukuku zaidi ya 2,000 vya mbwa na wapinzani wao, wakahitimisha kwamba ujio wa paka kutoka Asia ulichangia kuangamiza spishi nyingi za mbwa, labda 40. Mwaka huohuo timu ya Borja Figueirido ilipima viwiko vya mbwa wa kale na kuona kwamba mbwa wa mwanzo walikuwa na mikono ya kugeukageuka, ya kuvizia na kukumbatia, na kwamba kadiri nchi ilivyokauka na miti kupungua, viwiko vikakaza na kuwa vya kukimbia. Kuvizia ni fani ya paka. Mbwa aliyebaki hapo alikuwa anashindana na fundi.

Nakubali jibu la paka kwa kipindi cha kati. Kwa Borophagus silikubali sana. Paka walikuwa wamekaa Amerika miaka milioni kadhaa kabla hata yeye hajatokea, na aliishi nao bega kwa bega kwa karibu miaka milioni 10, akaenea kutoka California hadi Florida na kuteremka hadi Amerika ya Kati. Huyo si mnyama aliyeshindwa na paka. Kilichobadilika katika miaka yake ya mwisho ni vingine. Vifaru walitoweka bara lile, aina za farasi na ngamia zikapungua sana, hali ya hewa ikawa ya baridi na kavu zaidi. Na lile tawi la tatu, lililokuwa likiwinda panya, sasa lilikuwa na mbwa wa jenasi Canis: miguu mirefu, mwili mwepesi, wenye uwezo wa kukimbiza mawindo umbali mrefu, na meno ambayo bado yangeweza kula karibu kila kitu. Borophagus alikuwa mfupi na mnene wa miguu. Takriban miaka milioni 2 iliyopita mabaki yake yanakoma.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba hawakuwahi kuhama. Katika spishi zote 66, hakuna hata moja iliyowahi kupatikana nje ya Amerika ya Kaskazini na ya Kati. Daraja la ardhi kati ya Alaska na Siberia lilikuwa likifunguka mara kwa mara. Paka walilipita kuja, ngamia walilipita kwenda, na tawi la Caninae likalipita pia. Miaka milioni 8 hivi iliyopita mbwa wa kwanza walikuwa wamefika Hispania, miaka milioni 7 iliyopita mbweha alikuwa Chad, na kwenye milima ya Tugen nchini Kenya kumepatikana Eucyon intrepidus, mwenye umbo la mbweha, aliyeishi pale karibu miaka milioni 6 iliyopita.

Waliofika walikuwa wadogo na wakimbiaji. Mvunja mifupa hakufika, na pengine hata angefika asingepata pa kuishi, kwa kuwa kazi hiyo huku ilikuwa na mwenyewe: Afrika, Asia na Ulaya zilijaa fisi. Kuna wakati fisi walikuwa wa kila aina, hata wembamba wenye umbo na meno ya kimbwa, na hao wa kimbwa ndio waliopungua mbwa walipoingia. Wavunja mifupa wakabaki. Upande wa pili mambo yalikwenda vivyo hivyo. Ni fisi mmoja tu aliyewahi kuvuka kwenda Amerika ya Kaskazini, Chasmaporthetes, miaka milioni 5 hivi iliyopita, naye alikuwa mwembamba wa miguu mirefu, mwenye umbo la kukimbia. Nafasi ya kuvunja mifupa ilikuwa imekaliwa na Borophagus.

Borophagus alipoondoka, nafasi ile haikupata mrithi kamili. Wakati wa enzi ya barafu kulikuwa na mbwa mwitu wa kijivu huko Alaska waliokuwa na mafuvu mazito na taya zenye nguvu kuliko wa leo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba meno yao yamelika na kuvunjika kwa wingi, jambo linalotokea kwa mnyama anayelazimisha mifupa kila siku. Hawakuwa na paji lililotuna wala gego la nne lililovimba. Nao walitoweka mwishoni mwa enzi hiyo, pamoja na farasi na mamothi ambao mbwa hao walikuwa wakiwala.